Kabla Ndege Haijaruka

(Mazungumzo na kikundi cha vijana wa karakana, pamoja na wazazi na walimu wao)



Tumefurahi kuiona ndege ikiwa juu ya meza, ina mabawa, mkia na magurudumu. Kwa macho imekwisha. Lakini kitu kuonekana kimekwisha na kitu kuwa tayari ni mambo mawili. Hapa kuna michango ya kila mmoja wenu, na jioni nyingi za kupiga msasa. Pia kuna watoto wa kijiji ambao watakuja kutazama, muwaite msiwaite. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya siku hizi chache zilizobaki.

Tuanze na ngozi yake, maana bawa moja bado liko wazi. Ile plastiki ya kufunikia hunata na kukazwa kwa joto la pasi, lakini haishiki palipo na vumbi la msasa. Pangusa mbao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ungoje ikauke. Funikeni chini ya bawa kwanza, ndipo juu, ili mshono ukae upande wa chini. Pasi isiwe moto kupita kiasi, plastiki itatoboka. Mkimaliza, simameni nyuma ya ndege mtazame mabawa kwa jicho moja, kama fundi anavyotazama ubao ulionyooka. Plastiki inapokazika inaweza kulipinda bawa. Likiwa limepinda, mmoja alisokote kinyume, mwingine apitishe pasi, na msiliachilie mpaka lipoe.

Sasa hii habari ya rangi. Tumesikia mnataka kuchora bendera kubwa mkiani. Hebu tupige hesabu. Tuseme mkia uko sentimita 60 nyuma ya mahali ndege inapopata mizani, na pua iko sentimita 20 mbele yake. Gramu 10 za rangi mkiani zitadai gramu 30 za risasi puani. Sasa ndege imeongezeka gramu 40 kwa ajili ya urembo. Bendera ikatwe kwa plastiki nyembamba, ibandikwe, basi.

Na hiyo mizani ndiyo tunaomba msiifanyie haraka. Ndege ikiwa na kila kitu ndani, betri pia, pimeni upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kama mchoro wenu hauna alama, anzeni kati ya robo na theluthi ya upana huo kutoka mbele. Bawa la sentimita 24, basi ni kati ya sentimita 6 na 8. Inueni ndege kwa ncha za vidole hapo chini ya mabawa yote mawili. Ikilala sawa, au pua ikiinama kidogo tu, ni vizuri. Mkia ukianguka, msithubutu kuirusha. Ndege nzito mbele ni mvivu kupaa, lakini nzito nyuma haishikiki hata na fundi. Kabla ya kuongeza risasi, sogezeni betri mbele. Hiyo ni bure.

Mambo ya redio si ya jana. Nikola Tesla alionyesha mashua ya kuongozwa kwa redio mjini New York mwaka wa 1898, na mwaka wa 1937 pacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao waliyoiita Guff. Nyinyi mna rimoti ndogo na nyepesi, lakini ukaguzi ni ule ule. Ondoeni propela kwanza. Hili tunalirudia mbele ya wazazi: hakuna kujaribu mota ndani ya karakana ikiwa propela imefungwa. Mota ya umeme haingurumi kabla ya kuanza, na propela hiyo hukata kidole.

Washeni rimoti kwanza, ndipo ndege. Kuzima ni kinyume: ndege kwanza, rimoti mwisho. Simama nyuma ya ndege ukitazama puani. Ukisukuma kijiti kulia, kibawa cha kulia kipande na cha kushoto kishuke. Ukivuta kijiti kwako, kibao cha mkia kipande. Ndege nyingi huvunjika katika mruko wa kwanza kwa sababu vibawa vilikuwa vinakwenda kinyume, na ukaguzi wake hauchukui hata dakika. Zima rimoti ndege ikiwa bado inawaka, uone kama mota inakatika yenyewe. Isipokatika, rudini kwenye kitabu cha redio. Halafu punguzeni nguvu ya rimoti kama kitabu kinavyoelekeza, mtembee umbali kilioutaja, na vibawa viendelee kutii.

Betri zichajiwe juu ya matofali au mchanga, mtu akiwapo. Yenye seli tatu ikijaa hufika volti 12.6, isizidi hapo. Iliyovimba haitumiki tena, hata kama imenunuliwa juzi.

Kuhusu ruhusa: Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, chini ya mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA. Katibu aende akaulize mapema, alete jibu la maandishi. Asiseme ati ni mchezo wa watoto.

Limebaki jambo ambalo tunajua limeleta maneno. Wengine wanataka siku ya kwanza iwe sherehe, wageni waalikwe, na mwenyekiti ashike rimoti. Sisi tunasema hapana. Ashike yule aliyefanya mazoezi mengi zaidi kwenye kompyuta, na nyote mnajua ni msichana gani. Mwenyekiti asimame kando yake, amhesabie dakika. Wageni waje mruko wa kumi. Mbele ya wageni hakuna anayethubutu kusema upepo ni mkali, turudi nyumbani.

Hapa kwetu tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa. Ndege itahitaji mbio zaidi kabla ya kupaa, kwa hiyo msiivute mapema. Ielekee upepo. Watazamaji wote wakae nyuma ya anayerusha, na wazazi wawili wawashike watoto. Ipande juu vya kutosha, irekebishwe hapo mpaka iende sawa bila kusukumwa, na baada ya dakika nne ishuke.

Tukutane uwanjani Jumamosi saa moja asubuhi, upepo haujaamka. Aliye na bisibisi ndogo ya nyota aje nayo, ile ya karakana imepotea.