Mtoto Asiyekua: Homoni, Kisukari na Wajibu wa Sharika Zetu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za afya na diakonia za sharika, mbele ya wawakilishi wa wahisani wetu.)



Tumepewa nafasi hii kueleza utafiti juu ya homoni, ukuaji na ugonjwa wa kisukari. Tunajua kwamba baada ya chakula cha mchana mada ya namna hii huleta usingizi. Kwa hiyo tutaanza na kosa letu wenyewe.

Tulikosea wapi?

Katika mradi wetu wa lishe tulikuwa tukipima uzito na urefu wa wanafunzi wa shule za msingi. Katika usharika mmoja alikuwepo mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Urefu wake ulikuwa sentimita 131, yaani kimo cha mtoto wa miaka 9. Tulimwingiza kwenye orodha ya watoto wenye utapiamlo, tukampa unga wa uji, na katika ripoti tukaandika kwamba amefikiwa. Miezi sita baadaye hakuwa ameongezeka hata sentimita moja, ila tumbo lake lilikuwa limejaa. Tukadhani ni minyoo, tukampa dawa ya minyoo.

Bibi yake ndiye aliyetufumbua macho. Alituambia, "Wanangu, huyu mjukuu wangu ana sukari tangu akiwa na miaka saba. Mlimpima, lakini hamkuuliza."

Kumbe mtoto alikuwa akitumia insulini. Kila mwezi alitakiwa kwenda hospitali kuchukua chupa mpya, lakini nauli haikupatikana kila mwezi. Basi bibi alikuwa akimpa nusu ya kipimo ili chupa moja ifike miezi miwili. Mtoto hakufa, na kwa sababu hiyo kila mtu aliona kwamba dawa inatosha. Sisi nasi tukamwongezea uji wenye sukari juu ya insulini isiyotosha.

Homoni ni nini?

Neno homoni lilianza kutumiwa mwaka 1905 na Ernest Starling, mtaalamu wa London, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kuchochea. Homoni ni ujumbe unaotoka kwenye tezi na kusafiri ndani ya damu mpaka kiungo kinachohusika.

Tuchukue mfano wa waraka wa Mkuu wa Jimbo. Waraka ukiletwa usharikani na asiwepo mtu wa kuufungua, hakuna kazi itakayofanyika. Mkuu wa Jimbo akiona kimya ataandika wa pili na wa tatu. Nyaraka zitarundikana mezani na kazi itabaki palepale.

Ndivyo ilivyo katika mwili wa mtoto. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inayoitwa pituitari. Tezi hii hutoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo hufika kwenye ini, na ini hutengeneza kichocheo kingine, ambacho watafiti wanakiita IGF-1. Hicho ndicho kinachofanya kazi kubwa ya kurefusha mifupa. Lakini ini haliwezi kuusoma waraka huo vizuri bila insulini, ambayo hutoka kwenye kongosho. Insulini ikipungua, kichocheo cha IGF-1 nacho hupungua. Pituitari ikiona kimya huongeza homoni ya ukuaji, na homoni hiyo ikizidi hupandisha sukari katika damu. Kwa hiyo mtoto anapata hasara mara mbili: harefuki, na sukari yake inazidi kupanda.

Wakati wa kubalehe jambo hili huwa zito zaidi. Hata kijana anayetunzwa vizuri huhitaji insulini nyingi zaidi katika miaka hiyo, kwa kuwa homoni ya ukuaji huongezeka. Kipimo alichopewa akiwa na miaka 8 hakiwezi kumtosha akiwa na miaka 14. Mzazi asidhani kwamba ugonjwa umemshinda au kwamba mtoto anakula kwa siri. Ni mwili unakua, na dawa haina budi kuufuata.

Elimu hii ilipatikanaje?

Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Hapo ndipo ilipojulikana chanzo kiko wapi. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kupata dawa. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Profesa John Macleod, walitoa katika kongosho la mbwa kitu kilichoshusha sukari. Tarehe 11 Januari 1922 walimchoma sindano mvulana aitwaye Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikufaa, kwa sababu dawa ilikuwa na uchafu. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari mtoto akachomwa tena. Sukari ikashuka. Leonard alikuwa na miaka 14 na uzito wa kilo 29 hivi. Umri wake ulikuwa sawasawa na wa mvulana wetu.

Hati ya haki ya ugunduzi huo waligunduzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, kwa kuwa hawakutaka dawa ya kuokoa maisha iwe mali ya mtu mmoja. Tunaomba jambo hilo tulikumbuke tutakapofika kwenye suala la fedha.

Mwaka 1930, Pierre Mauriac, daktari wa Bordeaux, Ufaransa, alieleza habari za mtoto mwenye kisukari aliyekuwa akipata insulini lakini amedumaa, na ini lake limevimba. Hali hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo tumbo lile tulilodhani ni minyoo lilikuwa limekwisha kuandikwa katika vitabu miaka mingi kabla hatujazaliwa. Katika nchi ambako insulini na vipimo vinapatikana bila shida, hali hiyo sasa ni nadra sana. Inabaki kuwa ugonjwa wa nusu dozi.

Naye Bernardo Houssay wa Buenos Aires, Argentina, alionyesha kwamba mbwa asiye na kongosho hupata kisukari chepesi zaidi akiondolewa pia sehemu ya pituitari. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Jaime Guevara-Aguirre wa Ekuado walichapisha habari za watu wafupi sana wa kusini mwa nchi hiyo, ambao kwa kurithi miili yao haiitikii homoni ya ukuaji. Waliwafuatilia watu 99 kwa miaka 22, na hakuonekana hata mmoja mwenye kisukari, wakati miongoni mwa ndugu zao wa kimo cha kawaida waliopata kisukari walikuwa kama asilimia 5. Ni ushahidi mwingine kwamba ukuaji na sukari vinatembea pamoja.

Tunaomba nini kwenu?

Kwa kamati za sharika, tunaomba mambo manne.

Kwanza, mtoto anayekojoa sana, mwenye kiu isiyokwisha, anayekonda ingawa anakula, au aliyeanza tena kukojoa kitandani, apimwe sukari siku hiyohiyo. Akianza kutapika na kuhema kwa nguvu, asitibiwe malaria tu na kurudishwa nyumbani. Awahishwe hospitali, maana anaweza kufa ndani ya muda mfupi.

Pili, anayepima urefu wa watoto aulize na dawa wanazotumia. Mtoto wa kisukari apimwe kimo kila miezi mitatu, na asiporefuka apelekwe kwa daktari. Kipimo cha insulini kisiongezwe nyumbani kwa kukisia.

Tatu, nauli. Chupa ya insulini iliyoko hospitali haimsaidii mtoto aliyeko kijijini. Mtungi wa udongo wenye maji husaidia kutunza dawa mahali pasipo na friji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya vipimo vilivyotokana na hali ya joto katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya: insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Kukosa friji, basi, kusiwe sababu ya kumnyima mtoto sindano.

Nne, wachungaji na wainjilisti mtusaidie kutamka hadharani kwamba maombi na sindano havipingani. Tuwaombee watoto hawa, lakini mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza asiachishwe insulini hata siku moja.

Kwa wahisani wetu, tunasema kwa upendo na kwa uwazi. Bajeti ya lishe tuliyonayo inaruhusu unga tu. Hairuhusu vijiti vya kupimia sukari wala nauli ya kwenda kliniki. Tunawasihi mturuhusu kuhamisha sehemu ya fedha hizo. Na katika fomu ya ripoti, badala ya kuuliza tu ni watoto wangapi wamefikiwa, ulizeni pia wameongezeka sentimita ngapi. Swali hilo lingetuumbua mapema, na tungeshukuru.

Mvulana wetu sasa anachomwa dozi kamili, iliyoongezwa polepole na daktari. Usharika wake unachangia nauli kila mwezi kutoka kwenye sadaka ya diakonia. Kwa mwaka mmoja ameongezeka sentimita 6, na tumbo limepungua. Huenda asifikie kimo ambacho angekuwa nacho, na hilo tutaendelea kulibeba. Mwezi uliopita bibi yake alituonyesha suruali ya shule iliyokuwa imepanda juu ya vifundo vya miguu. Alisema hajawahi kufurahi hivyo kuombwa fedha ya sare mpya.