Anwani Isifichwe: Kivinjari Ndani ya Programu na Haki ya Mtu wa Funzi

Kuna hoja moja iliyozoeleka mno miongoni mwa wanaounda programu za simu, kiasi kwamba siku hizi haitetewi tena. Inatajwa tu kama jambo lililokwisha. Hoja yenyewe ni hii: mtu wa kisiwani, mwenye simu ya bei nafuu na bando la siku, hana haja ya kujua ukurasa anaousoma umetoka wapi. Anachotaka ni huduma. Kwa hiyo mwenye programu afungue kurasa zote, zake na za wengine, ndani ya programu yake kwa kivinjari kilichopachikwa humo. Mstari wa anwani uondolewe, maana unakula nafasi ya kioo na hakuna anayeusoma. Nakusudia kuonyesha kwamba hoja hii haisimami katika kiungo chake chochote, na kwamba vijiji vya kisiwani kama Funzi, katika Kaunti ya Kwale, ambavyo watetezi wake hupenda kuvitolea mfano, ndivyo vinavyoikanusha vizuri zaidi.

Misingi ya kiufundi nitaipitia upesi, kwa kuwa wengi wenu mnaijua. Android imekuwa na kijenzi cha kupachika kurasa ndani ya programu, kiitwacho WebView, tangu mwanzo wake mwaka 2008. Kuanzia toleo la 4.4 la mwaka 2013 kijenzi hicho kimejengwa juu ya Chromium, na kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014 husasishwa kupitia Play Store. iPhone nayo ina WKWebView tangu 2014. Mwaka 2015 ikaja njia ya pili, Chrome Custom Tabs: ukurasa hufunguka juu ya programu, mtumiaji hahisi kwamba ametoka, lakini kivinjari halisi ndicho kinachouendesha na anwani inabaki ikionekana. Kwa macho, njia hizi mbili zinafanana sana. Tofauti yake ni ya mamlaka. Katika njia ya kwanza mwenye programu ana amri juu ya ukurasa uliofunguliwa. Katika njia ya pili hana.

Chanzo ninachokitegemea kuliko vyote ni makala ya mwaka 2011 ya Tongbo Luo, Hao Hao, Wenliang Du, Yifei Wang na Heng Yin wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kuhusu mashambulizi dhidi ya WebView katika Android. Kwa kipimo cha fani yetu ni makala ya zamani, lakini sijaona nyingine iliyolieleza tatizo kwa uwazi kama huo. Uzuri wake ni kwamba inaanzia mbali, kwenye swali la msingi: usalama wa wavuti umesimama juu ya nini? Jibu lao ni kwamba umesimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni imani ya mtumiaji kwa kivinjari chake, kilichotengenezwa na kampuni inayojulikana ambayo si mshiriki katika shughuli inayofanyika ukurasani. Ya pili ni kwamba kivinjari huufungia kila ukurasa mahali pake, usiweze kugusa faili za simu wala kurasa za jirani. Kisha wanaonyesha, hatua kwa hatua, jinsi kivinjari kilichopachikwa kinavyodhoofisha nguzo zote mbili kwa pamoja. Programu inayokipachika inaweza kuingiza msimbo wake wa JavaScript katika ukurasa wa mtu mwingine, ikasoma vidakuzi vyake na kuona kinachoandikwa humo. Kwa upande wa pili, programu ikifungua njia ya mawasiliano kati yake na ukurasa, basi ukurasa wowote utakaopakiwa humo, hata wa mhalifu, unaweza kuita amri za programu hiyo na kupitia kwazo kuifikia simu yenyewe. Na hili halikuwa jambo la pembeni: katika hesabu yao, iliyochukua programu 20 zilizopakuliwa zaidi katika makundi 10, asilimia 86 zilikuwa zikitumia WebView.

Naomba tuipime makala hii kwa yaliyofuata. Hatari ya ukurasa kuishambulia programu ilishughulikiwa kwa sehemu kubwa: Android 4.2 ilianza kudai kwamba amri zitakazoweza kuitwa na ukurasa ziwekewe alama na mwandishi wa programu, na zisizo na alama zisifikiwe. Lakini hatari ya programu kuuchungulia na kuubadilisha ukurasa haijazibwa na wala haitazibwa kwa sasisho, kwa sababu hapo hakuna hitilafu ya kuziba. Ndivyo kijenzi chenyewe kilivyokusudiwa kufanya kazi. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba vivinjari vya ndani vya Instagram na Facebook kwenye iPhone vilikuwa vikiingiza JavaScript katika tovuti za watu wengine, na kwamba kile cha TikTok kilikuwa na msimbo wenye uwezo wa kusikiliza kila kibonye kinachobonyezwa. TikTok ilisema msimbo huo ni wa kutafuta hitilafu na kupima utendaji. Meta, mwenye Instagram na Facebook, ilisema inaheshimu chaguo la mtumiaji kuhusu kufuatiliwa. Krause mwenyewe hakudai kwamba taarifa zilikusanywa, nami sidai. Ninachodai ni kwamba, miaka 11 baada ya makala ya Syracuse, usalama wa mtu anayeandika nenosiri lake ulikuwa bado unategemea hiari ya mwenye programu. Hiari haitoshi kuwa kinga.

Sasa nirudi kwa wapinzani wangu, maana wana ushahidi na ni haki usikike. Hupenda kutaja utafiti wa Rachna Dhamija, J. D. Tygar na Marti Hearst wa mwaka 2006 kuhusu sababu za watu kunaswa na tovuti za ulaghai. Washiriki walikuwa 22. Asilimia 23 hawakuangalia kabisa mstari wa anwani wala alama nyingine za kivinjari, na tovuti bora zaidi ya kughushi iliwahadaa asilimia 90. Basi, husema wapinzani, mstari huo una faida gani? Tuisome kazi hiyo kwa makini kuliko wanavyoisoma wao. Asilimia 23 ya watu 22 ni watu 5. Waliobaki 17 walikuwa wakiangalia kitu fulani kivinjarini, kwa ustadi mdogo au mkubwa. Na ile tovuti iliyowahadaa karibu wote iliiga benki ya Bank of the West kwa kuandika herufi mbili za v mahali pa w. Mlaghai aliyechagua ujanja huo alijua kwamba kuna macho yatakayofika kwenye anwani. Angejua hayafiki, asingehangaika na herufi. Utafiti huu unathibitisha kwamba anwani ni ngumu kusomwa vizuri. Kutoka hapo hadi kusema ifichwe ni kuruka hatua nyingi za mantiki, kwa kuwa dawa ya maandishi yasiyosomeka ni kuyafanya yasomeke. Isitoshe, anwani haisomwi na macho peke yake. Kihifadhi nywila cha kivinjari hujaza nenosiri pale tu anwani inapolingana, na hizo v mbili hazikihadai.

Kuna kosa la ndani zaidi katika hoja yao, nalo ndilo linalohusu Funzi moja kwa moja. Wanamchukulia mtumiaji kuwa mtu mmoja, peke yake na kioo chake. Vijijini kwetu simu husomwa na wengi. Ujumbe wa mzee husomwa na mjukuu. Fomu ya mama hujazwa na kijana wa nyumba ya pili. Anayejua kusoma anwani huwaangalia wasiojua. Katika mazingira hayo, mtu mmoja mwenye jicho kali anatosha kuikinga nyumba nzima, alimradi kuna kitu cha kuangaliwa. Ni sawa na mzani wa samaki pale mashua zinapotua: si kila mvuvi anaufuatilia mshale, lakini uso wa mzani unapokuwa wazi kwa wote, yeyote aliyesimama hapo anaweza kusema uzito umepunjwa. Kivinjari kisicho na anwani kimeugeuza uso wa mzani umwelekee mnunuzi peke yake. Haki wanayoidharau wapinzani wangu kwa kuwa mtu mmoja haitumii ni haki ambayo jamii nzima inaitumia kwa niaba yake.

Inabaki hoja ya gharama, na hii naiheshimu zaidi, kwa sababu bando ni pesa. Inasemwa kwamba kivinjari cha ndani ni rahisi na chepesi. Lakini kila programu yenye WebView huweka vidakuzi vyake na kumbukumbu yake ya kurasa peke yake. Ukurasa uleule ukifunguliwa ndani ya programu tatu, hupakuliwa mara tatu, na mtu huingia kwenye akaunti yake mara tatu. Custom Tabs hutumia vidakuzi na kumbukumbu ya kivinjari ambacho tayari kimo simuni. Anayejali bando la mtu wa Funzi ana kila sababu ya kuichagua njia ya pili. Na anayejali simu kuukuu akumbuke Januari 2015, ilipofahamika kwamba Google haitengenezi tena viraka vya WebView kwa Android za chini ya 4.4, wakati ambapo simu hizo zilikadiriwa kuzidi milioni 900. Mwenye simu ya namna hiyo aliweza kusakinisha kivinjari kingine kipya. WebView iliyokuwa ndani ya programu zake hakuwa na uwezo wa kuibadilisha.

Ushahidi wangu wa mwisho umo mikononi mwenu kila siku. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, iliwekwa katika menyu ya laini yenyewe. Hadi leo, ukilipa tovutini kwa M-Pesa, muuzaji hutuma namba yako ya simu na kiasi tu. Ombi hujitokeza peke yake kwenye kioo, likitaja jina la biashara na kiasi cha pesa, na namba ya siri huandikwa nje ya ukurasa, mahali ambapo programu iliyoufungua haiwezi kuiona. Tazameni basi nahodha anayempeleka mgeni katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambako ada ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa huduma za serikali. Akifungua ukurasa huo ndani ya programu ya mtandao wa kijamii, namba yake ya siri ya M-Pesa iko salama. Nenosiri la eCitizen analoliandika humo limekosa kinga hiyo, ingawa akaunti hiyohiyo ndiyo inayobeba maombi yake ya pasipoti na leseni ya udereva. Kwa hiyo kanuni ninayoitetea, kwamba siri iandikwe mahali ambapo mwenye programu hawezi kuiona, haikuletwa kutoka nje wala haimlemei mtu wa kawaida. Mamilioni ya Wakenya, wakiwemo wasiojua kusoma vizuri, wameitekeleza kwa miaka mingi bila kuhitaji semina. Mashirika makubwa yalifika hapohapo baadaye: Aprili 2017 Google ilikataa maombi ya kuingia kwenye akaunti zake kupitia vivinjari vya kupachikwa, na Oktoba mwaka huohuo waraka wa viwango vya intaneti, RFC 8252, ukapiga marufuku programu kuomba idhini kwa njia hiyo.

Sipingi kijenzi chenyewe. Mwenye programu akionyesha ukurasa wake mwenyewe, kama vile maelezo ya msaada, masharti au bei zake, hakuna mtu wa tatu anayechunguliwa. Mpaka wangu ni huu: ukurasa wa mwingine ufunguliwe katika kivinjari halisi, anwani ikionekana, na nenosiri la huduma ya umma lisiombwe kamwe ndani ya kivinjari cha programu ya mtu mwingine. Sheria ya kusimamia hilo tunayo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinadai ulinzi ujengwe ndani ya mfumo tangu unapobuniwa. Kaunti ya Kwale, vikundi vya usimamizi wa fukwe na vyama vya akiba wanapoagiza programu, waiandike kanuni hii katika mkataba kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Nimezipima hoja za upande wa pili kwa kadiri ya uwezo wangu, na bado naamini nilichokiamini tangu mwanzo: mstari wa anwani ni mali ya mtumiaji, na anayeuondoa bila idhini yake amechukua kisicho chake.