Mti wa Mpingo na Makao Yake



Leo twataka kuwaeleza habari za mti ambao kila mwenyeji wa nyika za Kilwa na Lindi aujua kwa macho, lakini thamani yake wengi hawaifikiri. Mti huo ni mpingo.

Mpingo si mti mkubwa. Kwa kawaida urefu wake hauzidi futi 50, na mingi ni mifupi kuliko hivyo. Gome lake ni la kijivu, na vitawi vyake vina miiba. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yake, hata mgeni akipita hudhani umekufa. Kisha huchipua tena na kutoa maua meupe yenye harufu nzuri. Makao yake ni nchi kavu yenye miti iliyoachana, tangu Senegal na Ethiopia mpaka Afrika ya Kusini. Hupenda jua, kivulini haustawi.

Ndani yake mna kiini cheusi, kizito hata chazama majini. Kwa kiini hicho Wamakonde huchonga vinyago, na mafundi wa Ulaya hufanya klarineti na zumari nyingine za thamani kubwa.

Basi, mti huu hukua polepole mno. Huchukua miaka 70 hata 100 kufikia unene wa kuvunwa. Apandaye leo humpandia mjukuu wake. Tena una adui wawili. Wa kwanza ni moto. Mpingo mzima huvumilia moto wa nyasi, lakini mche huteketea, na moto ukipita kila mwaka msitu hubaki na wazee pasipo watoto. Wa pili ni shoka la mwenye haraka, akataye mti mchanga kwa fedha za siku moja.

Je, tuache kabisa kuuvuna? Hasha! Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeviwezesha vijiji vya Tanzania kuwa na misitu yao wenyewe. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilaya ya Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji mwema wa msitu, vya kwanza katika Afrika kwa misitu ya wanakijiji. Wenyeji walihesabu miti yao, wakapanga ivunwe mingapi, na mapato ya mauzo yakawa ya kijiji.

Ndugu zetu, wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kijiji chenye mpingo na kihesabu miti yake na kuiandika. Anayesafisha shamba na alime kwanza mkanda wa kuzuia moto. Walimu nao wawaonyeshe watoto mche wa mpingo, wasiung'oe wakidhani ni kijiti cha miiba tu.

Tukifanya hivyo, wajukuu wetu watakuta urithi, wala si visiki.