Kinda Akiwa Chini, Usikimbilie Kumwokota

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vya hapa Eldoret. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa ili kila kikundi kiweze kuyasoma katika mkutano wake.)

 

Leo sitazungumza juu ya mikopo wala mbolea. Nimeombwa nizungumze juu ya watoto wa ndege. Naona wengine wanacheka. Chekeni tu, lakini mnisikilize mpaka mwisho, kwa maana nina kosa langu la kuwaeleza.

Mwaka mmoja wakati wa mvua, kijana wa jirani alikuja kwangu amebeba katoni. Ndani mlikuwa na makinda wawili wa korongo, yule ndege mrefu mwenye taji la dhahabu kichwani, ambaye Wakalenjin humwita kong'ony. Kijana alikuwa akikata nyasi ya ng'ombe kando ya kinamasi akawaona wamelala chini kimya. Akaniambia, "Nimewaokota, mama yao amewatupa." Nikamsifu kwa huruma yake. Tukawaweka pamoja na vifaranga wa kuku, tukawapa chakula cha kuku.

Siku ya tatu mmoja akafa. Wa pili akakua, akawa anafuata watu na kuku hapo uani, hajui kuogopa chochote, mpaka siku moja mbwa akamkamata. Na zile siku za kwanza, jioni, tulikuwa tukiwasikia korongo wawili wakiita kule kinamasini. Hatukuelewa walikuwa wakiita nini. Tulifikiri tumeokoa. Kumbe tulikuwa tumeiba.

Sasa nataka tuelewe kosa letu lilikuwa wapi.

KINDA SI WOTE SAWA

Kina mama, niulize swali rahisi. Kuku akiangua leo, vifaranga wanaanza kutembea lini? Naam, leo hii au kesho. Wanatoka kwenye kiota wamevaa manyoya yao laini, macho yako wazi, wanamfuata mama. Je, mtoto wa njiwa? Huyo anazaliwa hana nguvu, macho yamefungwa, analishwa kiotani kwa majuma kadhaa. Basi ndege wamegawanyika hivyo, wa namna ya kuku na wa namna ya njiwa.

Korongo ni wa namna ya kuku. Hujenga kiota chake chini, katikati ya majani marefu ya kinamasi, hutaga mayai mawili au matatu mara nyingi, na huatamia kwa muda wa karibu mwezi mmoja, baba na mama wakipokezana. Makinda wakiangua, hukaa kiotani siku moja au mbili tu, kisha wanatoka na kuwafuata wazazi wao kwa miguu. Kuruka hawawezi mpaka wafikishe miezi miwili au mitatu. Muda huo wote wako chini, nyasini.

Na wakiona mtu au mbwa, wanafanya nini? Wanalala kimya bila kutikisika. Ndiyo silaha yao. Wewe unamwona kinda amelala peke yake, unasema ameachwa. Hapana. Amejificha, na wazazi wake wako karibu wakingoja wewe uondoke.

Ndege wa namna ya njiwa, kama vile kwera na shorewanda wa pale kwenye ua wako, nao wana jambo lao. Kinda akishaota manyoya, huruka kutoka kiotani siku chache kabla hajajua kuruka vizuri. Utamwona chini ya mti, mkia mfupi, anarukaruka na kupiga kelele. Huyo naye hajapotea. Yuko shuleni! Wazazi wanamletea wadudu hapo hapo chini huku akijifunza.

UKIMKUTA, FANYA HIVI

1. Simama mbali kwanza, umtazame. Rudi nyuma hatua nyingi, ujifiche, ungoje saa moja au mbili. Ukisimama karibu, mama hatakuja, halafu utasema ameachwa, kumbe ni wewe uliyemzuia.

2. Kinda mwenye manyoya, anayeruka-ruka, mwache. Kama yuko barabarani au paka yuko karibu, msogeze hatua chache tu mpaka kwenye kichaka au tawi la chini. Usimpeleke mbali, kwa sababu wazazi wanamtafuta hapo alipo.

3. Kinda asiye na manyoya, ambaye ameanguka kwa upepo, mrudishe kiotani kama unaweza kukifikia. Kama kiota kimeharibika, chukua kikapu kidogo au kopo lililotobolewa matundu chini ili maji yasisimame, weka nyasi kavu, ukifunge kwenye mti ule ule. Halafu uondoke.

4. Kinda wa korongo usimguse kabisa. Ondoka njia ile ile uliyokuja nayo. Ukiwa unakata nyasi, sehemu hiyo iache, ukakate kwingine. Ukiwa unachunga, peleka ng'ombe upande mwingine.

5. Funga mbwa na umchunge paka. Mara nyingi msaada mkubwa ni huo tu.

6. Kama ameumia, anatoka damu au bawa linaning'inia, mweke ndani ya boksi lenye matundu na kitambaa, mahali penye giza, joto na utulivu. Usimpe maziwa, kwa sababu tumbo la ndege haliwezi maziwa. Usimtilie maji mdomoni, yataingia kwenye njia ya pumzi. Usimlishe ugali. Pasha habari ofisi ya Shirika la Wanyamapori, yaani KWS, ama umwombe chifu akusaidie kuwafikia.

Wako watakaosema, "Nikimgusa, mama yake atasikia harufu ya mtu amkatae." Tuliambiwa hivyo tukiwa watoto. Si kweli. Ndege hamtupi mtoto wake kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Kwa hiyo, usiogope kumrudisha kiotani yule aliyeanguka. Na yule uliyemwokota asubuhi hii kwa kutojua, mrudishe leo pale pale ulipomtoa.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Mzee mmoja aliniuliza, "Hao ndege si ndio wanaokula mahindi yangu?" Ni kweli, mzee, korongo huchokora mbegu iliyopandwa, na hasara ni hasara. Siwezi kukuambia si kitu. Lakini ndege huyo huyo hula panzi, viwavi na wadudu wengine wa shambani mwaka mzima.

Tena korongo si wengi kama zamani. Wale wa umri wangu wanakumbuka makundi makubwa yakitua kwenye mashamba ya ngano. Leo vinamasi vingi vimekaushwa vikalimwa, na makinda wanachukuliwa kufugwa au kuuzwa. Mwaka 2012 korongo huyu aliwekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ndugu zetu wa Uganda wamemweka kwenye bendera yao tangu 1962. Sisi tunamweka kwenye katoni!

Fikirini hesabu hii. Jozi moja ikileta makinda wawili, mwewe akachukua mmoja, nasi tukachukua wa pili, mwaka huo wamefanya kazi bure. Wakifanyiwa hivyo mwaka baada ya mwaka, wazazi watazeeka na hakuna wa kuwafuata. Korongo wa kufugwa uani anaweza kuishi miaka mingi, lakini kinamasini hana mwenzi wala makinda. Ni kama ameshakufa.

Tena kuna sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuweka mnyama au ndege wa porini nyumbani bila kibali. Mwenye huruma anaweza kujikuta kortini.

KAZI YA KIKUNDI

Jambo hili mtu mmoja hawezi, ni la kikundi. Jirani zetu wa Kipsaina, kule Trans Nzoia karibu na kinamasi cha Saiwa, walianza kikundi chao cha kulinda korongo na kinamasi katika miaka ya 1990. Hawakuwa wataalamu. Walikuwa wakulima kama sisi.

Sisi tunaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, tukubaliane kwamba mvua ikianza, ukanda fulani kando ya kinamasi hautakatwa nyasi wala kuchungiwa mpaka makinda waruke. Pili, kila mzazi aongee na wachungaji na watoto wake, kwa maana wao ndio wanaokutana na makinda kwanza. Tatu, mtu akinunua kinda, tusimcheke wala kumsifu. Tumweleze, kwa sababu akinunua huyu, kesho kijana ataenda kutafuta mwingine.

Nyinyi watoto, kazi yenu ni kubwa kuliko yetu. Mkimwona kinda wa korongo, rudini nyuma polepole, mje mniambie mlimwona wapi. Mkija na habari nitawasifu. Mkija na katoni, tutarudi nayo pamoja mpaka kinamasini, hata kama mvua inanyesha.

Yule kijana wangu wa katoni sasa ni baba wa watoto. Msimu uliopita alinipigia simu kutoka shambani kwake. Akasema, "Nimeona wawili, pamoja na mama na baba yao. Nimeacha kukata nyasi upande ule." Nikamuuliza ng'ombe watakula nini. Akajibu, "Nimeomba jirani." Nilifurahi siku hiyo kuliko ningeletewa kuku.

 Sasa mwenye swali na aulize.