Injini ya Dizeli katika Chombo cha Tanga
(Maneno ya mazungumzo ya fundi mbele ya wenye vyombo)



Nimeombwa kusema juu ya injini ndogo za dizeli zinazotiwa katika mashua na majahazi: jinsi ya kuibadili iliyochoka, na jinsi ya kuitunza iliyo mpya. Mimi sina elimu kubwa. Ni fundi tu, ila kazi hii nimeifanya miaka mingi kwa mikono yangu. Labda wengine watasema kwamba haya ni mambo ya manahodha peke yao. Sivyo. Mara nyingi injini moja hununuliwa kwa fedha za watu wengi. Ndugu hushirikiana, huyu auza mazao ya minazi yake, yule auza ng'ombe. Na injini ikifa upesi, hasara huingia nyumba nyingi. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue.

Nitaanza na kisa. Nahodha mmoja, rafiki yangu, alikuwa na mashua ambayo injini yake ilikuwa ikizimika mara kwa mara kwa muda wa miezi. Siku moja ilizimika kabisa karibu na mwamba. Bahari ilikuwa shwari, tanga limelegea, na mkondo unawavuta kwenye mawe. Walitupa nanga, nayo ikashika wakati umebaki urefu wa chombo kimoja tu. Abiria 11 walisalimika. Aliporudi pwani aliapa kwamba hataki kuiona tena injini ile. Akachangisha fedha kwa ndugu zake, akanunua mpya, akaniita niifunge. Nami, nakiri kosa langu mbele yenu, niliifunga bila kuuliza ile ya kwanza ilikufa kwa sababu gani.

Juma la sita injini mpya nayo ikazimika. Tulipofungua tangi la mafuta tulikuta chini yake maji na tope jeusi. Pampu ya mafuta ya injini mpya ilikuwa imekwisha kuliwa na kutu. Ile ya kwanza haikuwa imezeeka. Ilikuwa ikinyweshwa maji. Hii ya pili ilirithi tangi, ikarithi na maradhi. Na ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Basi neno langu kubwa la leo ni hili: usinunue injini mpya kabla hujajua kilichoiua ya zamani.

Ili mfahamu vizuri, nitaeleza kidogo jinsi inavyofanya kazi. Jina la dizeli latokana na Rudolf Diesel, Mjerumani, ambaye injini yake ilifaulu katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Zile za kwanza zilikuwa kubwa na nzito mno. Mwaka 1933 Magokichi Yamaoka wa Japani, mwenye kuanzisha kampuni ya Yanmar, alitengeneza dizeli ndogo ya kufaa watu wa kawaida. Injini hii haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni huibana hewa mpaka ikae katika nafasi ndogo kama sehemu moja katika 20 ya ile ya kwanza. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la kupita digrii 500, na mafuta yakipulizwa ndani yake huwaka yenyewe. Kwa hiyo yataka vitu vitatu: hewa ya kutosha, mbano mzuri, na mafuta safi. Ikikataa kuwaka, tafuteni ni kipi katika hivyo vitatu kilichopungua.

Moshi nao ni shahidi. Moshi mweusi wasema kwamba hewa haitoshi, au injini imebebeshwa mzigo mkubwa, labda kwa sababu rafadha, yaani lile panga la nyuma, imeota chaza. Moshi wa buluu wasema kwamba oili inaungua ndani, na ringi za pistoni zimechakaa. Moshi mweupe usiokoma wasema kwamba mafuta hayaungui yote, au maji yameingia. Ikiwa mbano umekwisha na vipuri havipatikani tena, hapo ndipo kuibadili ni haki.

Sasa juu ya kuibadili. Kwanza, msidanganywe na nguvu nyingi. Mwendo wa chombo kizito hufungwa na urefu wake majini. Chombo chenye urefu wa meta 9 kwenye mstari wa maji hakiwezi kupita sana maili 7 za baharini kwa saa. Ukikitia injini ya nguvu maradufu utaunguza mafuta zaidi, lakini hutafika mapema sana.

Pili, injini mpya huenda ikazungusha shafti upande mwingine, au kwa upesi mwingine, kwa sababu ya giaboksi yake. Ikiwa ni hivyo, rafadha ya zamani haifai, hata kama bado inang'aa.

Tatu, magogo ya kukalia injini yafungwe imara na mataruma, kisha shafti ilingane sawasawa na injini. Jambo hili huharibiwa na mafundi wengi, maana hulipima chombo kikiwa pwani juu ya magogo na kuridhika. Chombo cha mbao hubadili umbo lake kikielea. Kiacheni majini siku chache, ndipo mpime tena pale shafti na injini zinapokutana. Tofauti ya nafasi kati ya upande mmoja na mwingine isizidi sehemu moja ya kumi ya milimeta. Ikizidi, chombo kizima kitatetemeka, beringi zitakufa, na maji yataanza kuingia kwenye tundu la shafti.

Nne, bomba la moshi lipandishwe juu ya mstari wa maji kabla ya kushuka kutokea nje, ili wimbi la nyuma lisirudi ndani chombo kinapolala kwa tanga. Ikiwa maji ya kupozea hutoka pamoja na moshi, na injini haitaki kuwaka, msiizungushe kwa stata muda mrefu huku bilula ya maji ya bahari i wazi. Maji hujaa bombani, yakarudi ndani ya silinda, na injini nzima huharibika kwa dakika chache.

Juu ya kuitunza, sitasema mengi. Kila siku kabla ya kuiwasha tazameni oili, mkanda, na maji yaliyokusanyika chini ya chombo. Ikiisha kuwaka, tazameni kama maji ya kupozea yanatoka; yasipotoka, izimeni mara moja, mkatazame gurudumu dogo la mpira ndani ya pampu. Mafuta yote yapitie chujio kabla ya kuingia tangini. Lijazeni tangi jioni, maana tangi lililo nusu hutoa umande ndani kwa baridi ya usiku, na umande huo ni maji. Fungueni chujio la kutenga maji na kuyamwaga. Oili ya kwanza ya injini mpya ibadilishwe baada ya saa 50 hivi za kazi, kisha fuateni kitabu cha injini yenyewe. Nayo imwagwe ikali moto, ili itoke na uchafu wake. Wala msiiache ikinguruma bure bila mzigo kwa saa nyingi, maana hufanya masizi.

Na hapa nawaomba waalimu msaada. Kila chombo kiwe na daftari: saa ilizofanya kazi, siku ya oili, siku ya chujio, na kila ilipozimika. Nahodha asiyejua kuandika amtafute kijana wa shule amwandikie. Rafiki yangu angalikuwa na daftari, tungaliona kwamba injini yake ilizimika kila baada ya kutiwa mafuta kutoka pipa lile lile, na fedha za ndugu zake zingalibaki. Sasa analo, nalo hukaa katika mkebe chini ya kiti cha tezi. Na tanga lake bado liko juu ya foromali, tayari.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo. Aliye na swali na aulize, nami nitajibu kadiri ninavyojua.