Malalamiko Matatu: Haki na Kanuni katika Futiboli ya Kimarekani



Tarehe 20 Januari 2019, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, NFL, ilicheza nusu fainali zake zote mbili siku moja. Zote ziliishia katika muda wa nyongeza, na kila moja iliacha mji mzima ukilia kwamba umedhulumiwa.

Huko New Orleans, matokeo yakiwa 20 kwa 20 na zimebaki dakika zisizotimia mbili, beki wa Los Angeles Rams, Nickell Robey-Coleman, alimvaa mpokeaji wa Saints, Tommylee Lewis, kabla mpira haujamfikia. Kosa lilionekana hadi jukwaa la mwisho, lakini hakuna mwamuzi aliyerusha kitambaa cha njano cha kuashiria kosa. Saints, ambao wangeweza kuula muda wote uliobaki wakiwa mlangoni mwa wapinzani, waliambulia pointi tatu. Rams wakasawazisha, kisha wakashinda 26 kwa 23 kwa mkwaju wa yadi 57.

Jioni hiyo, huko Kansas City, New England Patriots walishinda kura ya shilingi mwanzoni mwa muda wa nyongeza. Wakauchukua mpira, Tom Brady akawavusha yadi 75, Rex Burkhead akaingia nao eneo la kufungia, na mchezo ukaisha hapo hapo, 37 kwa 31. Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs, aliyetangazwa baadaye kuwa mchezaji bora wa msimu ule, hakuugusa mpira hata mara moja katika muda huo. Alisimama pembeni akitazama.

Watu waliyaita yote mawili dhuluma. Hoja yangu leo ni kwamba ndani ya kilio hicho kimoja mna malalamiko matatu tofauti. La kwanza ni la kanuni mbovu iliyotekelezwa sawasawa. La pili ni la kanuni nzuri iliyotekelezwa vibaya. La tatu ni la kanuni isiyomwonea mtu ila haipendezi machoni. Kila lalamiko lina jibu lake, na NFL imejikwaa kila ilipolijibu moja kwa jibu la jingine.

Kanuni mbovu, mwamuzi sahihi

Turudi nyuma hadi tarehe 19 Januari 2002, kwenye theluji ya Foxboro, Massachusetts. Oakland Raiders waliwaongoza Patriots 13 kwa 10, dakika zisizotimia mbili zimebaki. Charles Woodson wa Raiders alimgonga Brady, mpira ukamtoka mkononi, Raiders wakaulalia. Kwa macho ya kila aliyekuwepo, mchezo ulikuwa umekwisha. Mwamuzi Walt Coleman akaenda kutazama marudio ya video, akarudi na kutangaza kwamba ile ilikuwa pasi isiyokamilika. Mpira ukarudi kwa Patriots. Adam Vinatieri akapiga mkwaju wa yadi 45 katikati ya theluji ile na kusawazisha, kisha akapiga mwingine katika muda wa nyongeza. Patriots walishinda 16 kwa 13, na wiki chache baadaye wakatwaa ubingwa wao wa kwanza.

Coleman hakukosea. Kanuni iliyopitishwa mwaka 1999 ilisema kwamba mkono wa mrushaji ukishaanza kwenda mbele kwa kukusudia, pasi imeanza; na hata akighairi na kuurudisha mpira kifuani, ukimponyoka njiani bado unahesabiwa kuwa pasi. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa na sababu nzuri. Hawakutaka mwamuzi akisie nia ya mchezaji, walitaka atazame mkono tu. Walipata uwazi, lakini wakaulipia kwa kupoteza maana, kwa kuwa mtu aliyekwisha kughairi kurusha alihesabiwa kuwa anarusha.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Septemba 2001, miezi minne tu kabla ya usiku ule wa theluji, Patriots hao hao walimfanya kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) wa New York Jets, Vinny Testaverde, adondoshe mpira, wakauokota, kisha wakanyang'anywa kwa kanuni hiyo hiyo. Wakafungwa 10 kwa 3. Kwa hiyo anayesema kanuni ilitungwa kuwabeba Patriots hana hoja.

Je, Raiders walidhulumiwa? Mwamuzi hakuwadhulumu. Angeamua kuipuuza kanuni kwa kuwa yeye binafsi anaiona mbovu, timu zote 32 za leo zingekuwa zinacheza chini ya hisia za waamuzi. Lawama ni ya kitabu, na aliye na kalamu ndiye wa kukirekebisha. Kinachoshangaza ni kasi ya kalamu hiyo: kanuni ilifutwa Machi 2013, miaka kumi na moja baada ya mchezo ule.

Kanuni nzuri, jicho lililokosa

Kisa cha New Orleans ni kinyume chake. Kanuni inayokataza kumvaa mpokeaji kabla mpira haujafika haina ubishi wowote, na aliyeivunja alikiri mwenyewe baada ya mchezo. Waliokosa ni watu waliokuwa uwanjani.

Mashabiki wa Louisiana walikwenda mahakamani. Walitegemea kifungu cha kitabu cha NFL kinachompa kamishna mamlaka ya kuingilia kati panapotokea jambo la uonevu uliokithiri, hata kuagiza mchezo urudiwe. Hawakufanikiwa. Kifungu hicho chenyewe kinasema wazi kwamba hakihusu makosa ya kawaida ya waamuzi. Naona ni sahihi. Ligi ambayo matokeo yake yanaweza kufunguliwa upya Jumatatu asubuhi haina matokeo.

Kosa kubwa lilikuja Machi 2019. Kwa kura 31 dhidi ya 1, wamiliki wa klabu waliamua kwamba kosa la kumvaa mpokeaji mapema, liwe limeonwa au halikuonwa, sasa linaweza kukaguliwa kwa video. Msimu mzima makocha walirusha vitambaa vyekundu kuomba ukaguzi, na mara nyingi wakarudi mikono mitupu. Mguso ulioonekana dhahiri wiki hii ulipuuzwa wiki ijayo. Video inajibu vizuri maswali ya mpaka: mguu uko ndani au nje, goti limegusa chini au bado. Swali la kiasi, yaani mkono huu ulimzuia mtu au ulimgusa tu, video hailijibu. Inalihamisha kutoka kwa mwamuzi wa uwanjani kwenda kwa mwamuzi wa chumbani. Kanuni hiyo iliishi msimu mmoja ikazikwa. Ukosefu wa macho hutibiwa kwa kuongeza macho, kwa kuwapanga waamuzi vizuri zaidi na kuwapa msaidizi wa kurekebisha kosa la wazi. Kuandika upya kanuni iliyo sawa hakumpi mtu yeyote macho.

Shilingi na nafasi ya kushindana

Sasa Kansas City, ambako lalamiko ni lile la kwanza, la kanuni mbovu iliyotekelezwa sawasawa. Hapa mtu atauliza: uonevu uko wapi, ikiwa shilingi haimjui mtu? Kila timu ilikuwa na nafasi nusu kwa nusu kabla haijarushwa.

John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, alieleza kwamba katika bahati nasibu, matokeo yoyote ni ya haki mradi mchezo wenyewe uliendeshwa bila hila, kwa kuwa hakuna kipimo kingine nje ya utaratibu. Kesi ya jinai ni tofauti. Kuna ukweli uliopo nje ya mahakama, na utaratibu unajaribu tu kuufikia. Mimi naiweka futiboli karibu na kesi kuliko bahati nasibu. Tunacheza ili tujue nani bora, na shilingi haijui lolote kuhusu hilo.

Wapenzi wa kandanda watakumbuka goli la dhahabu, lile lililowapa Ufaransa ubingwa wa Ulaya mwaka 2000 kupitia David Trezeguet. Lilikuwa katili, lakini baada ya mpira kuanzishwa kila mchezaji aliweza kuunyang'anya na kufunga. Futiboli ya Kimarekani haiko hivyo. Timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, watu tofauti kabisa, na mpira hupewa timu kwa zamu. Chini ya kanuni ya zamani, timu iliyopata zamu ya kwanza ikifunga tachidauni (kuuingiza mpira eneo la kufungia la wapinzani), nusu ya timu ya pili ilikuwa imeshindwa bila kuingia uwanjani. Kati ya michezo 12 ya mtoano iliyofika muda wa nyongeza chini ya kanuni hiyo hadi Januari 2022, timu iliyoshinda shilingi ilishinda michezo 10, na 7 kati yake iliisha katika zamu ya kwanza.

Chiefs waliomba kanuni ibadilishwe mwaka 2019, wakanyimwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Januari 2022, shilingi iliwaangukia wao, wakawatoa Buffalo Bills 42 kwa 36 huku kwotabeki wa Bills, Josh Allen, akiwa kwenye benchi. Machi mwaka ule wamiliki walikubali, kwa kura 29 dhidi ya 3, kwamba katika mtoano kila timu ipate mpira. Mwaka 2025 wakaupanua utaratibu huo hadi michezo ya kawaida ya msimu.

Wapo wanaosema mabadiliko hayo hayakuondoa upendeleo, yaliuhamisha tu. Wanataja fainali ya Februari 2024 huko Las Vegas. San Francisco 49ers walichagua mpira kwanza, wakapata pointi tatu. Chiefs, wakijua sasa wanahitaji nini hasa, wakafunga tachidauni na kushinda 25 kwa 22. Nakubali kwamba anayecheza wa pili ana taarifa zaidi. Lakini 49ers walichagua wenyewe, na vikosi vyote vinne viliingia kazini. Hakuna mchezo usio na upande wenye nafuu. Kinachodaiwa ni kwamba nafuu hiyo ipitie mikononi mwa wachezaji.

Lisilopendeza si lazima liwe dhuluma

Lalamiko la tatu ndilo linalojificha zaidi. Philadelphia Eagles wana mbinu ya kumsukuma kwotabeki wao, Jalen Hurts, kwa nyuma ili apate yadi moja inayohitajika. Wanafanikiwa mno. Mwaka 2025 Green Bay Packers waliomba ipigwe marufuku, wakataja usalama na mwendo wa mchezo. Walipata kura 22, mbili pungufu ya 24 zinazohitajika.

Usalama ni hoja nzito ikithibitishwa. Mbinu inayovunja shingo za watu lazima ifutwe hata kama haimpendelei yeyote. Mwendo wa mchezo ni hoja ya ladha, na ladha nayo ina haki ya kusikilizwa, maana mchezo ni burudani. Ninachokataa ni ladha kuvaa joho la haki. Kusukuma kunaruhusiwa kwa timu zote. Wengine wamejaribu na hawakufika mbali, na kushindwa kumwiga aliye hodari hakujamfanya mtu kuwa mdhulumiwa.

Nani apige kura

Ukizifuatilia kura hizi utaona mwamba ngoma huvutia kwake. Aliyeumizwa na kanuni jana huomba ibadilishwe, aliyenufaika hunyamaza, na wengine husubiri hadi zamu yao ifike. Klabu 32 zina kura. Wachezaji, ambao miili yao ndiyo inayogongana, hawana hata moja.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, badiliko lolote la kanuni lipigiwe kura msimu huu na lianze msimu unaofuata ule ujao, ili anayepiga kura asijue kwa uhakika kama litamfaa yeye au jirani yake. Badiliko la usalama pekee lisisubiri. Pili, wachezaji wapewe kura, nyingi kiasi cha kuweza kuzuia. Wao huhama timu, leo Buffalo kesho Kansas City, kwa hiyo ndio watu pekee katika ligi ile wenye sababu ya kutaka kanuni itakayowafaa wakiwa upande wowote wa shilingi.