Sinki Linalokoroma: Mada kwa Mafundi Bomba na Wasimamizi wa Majengo



Mteja anapopiga simu kusema sinki lake la jikoni linakoroma, wengi wetu hufika na springi ya kuzibulia na kopo la kostiki soda. Tunazibua, tunapokea ujira, tunaondoka. Baada ya siku chache simu inaita tena: fundi, kelele zimerudi. Mada hii inahusu simu hiyo ya pili. Hoja yangu ni kwamba sauti ndani ya bomba la maji machafu ni habari ya hewa kabla ya kuwa habari ya uchafu. Fundi anayejua hewa inatoka wapi na imezuiwa wapi atalitibu sinki likatulia, na mara nyingi hatavunja hata kigae kimoja.

Hewa na maji ya trapu

Bomba la kuleta maji hujaa maji muda wote. Bomba la kutoa maji machafu halitakiwi kujaa. Likiwa zima, maji hupita chini na hewa hupita juu yake. Maji yanaposhuka husukuma hewa iliyo mbele na kuvuta hewa iliyo nyuma. Hewa ya nyuma isipopata njia, itajilazimisha kuingia mahali palipo dhaifu kuliko pote, na mahali hapo ni trapu iliyo chini ya sinki. Kila aliyemimina mafuta ya kula kutoka kwenye dumu la lita 20 amekwisha kuliona jambo hili: mdomo wa dumu ukijaa, mafuta hutoka kwa vishindo, ukitoboa tundu dogo upande wa juu, yanatiririka kimya.

Trapu si kitu kipya. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyefanya kazi London, alipata hataza ya choo ambacho bomba lake lilipinda mfano wa herufi S ili maji yabaki kwenye mkunjo na kuzuia harufu isipande. Mpaka leo kinga yetu ni hiyo hiyo: maji kidogo yaliyotuama kwenye mkunjo. Trapu nzuri ya sinki huwa na kina cha maji cha milimita 50 hadi 75. Milimita 50 za maji ni sawa na presha ya takriban paskali 500, yaani nusu ya asilimia moja ya presha ya hewa inayotuzunguka. Ndiyo maana mvuto mdogo tu ndani ya bomba unatosha kuyanyonya maji yote ya trapu. Sauti ya kukoroma tunayoitwa kuitibu ni ya hewa inayopenya katikati ya maji hayo.

Wako wanaosema kelele ni kero tu, mtu atazoea. Siwezi kukubaliana nao. Mwezi Machi 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, wakazi zaidi ya 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS. Uchunguzi ulizitaja trapu za sakafu za bafuni zilizokuwa zimekauka kuwa njia iliyoruhusu hewa yenye vijidudu kutoka kwenye mabomba ya maji taka na kuingia ndani ya nyumba, ikivutwa na feni za bafu. Trapu iliyonyonywa na trapu iliyokauka ni kitu kimoja. Kabla ya kufika kwenye ugonjwa, mama wa nyumba anaanza kuona mende wanatokea kwenye tundu la sinki usiku, na asubuhi jiko linanuka yai bovu. Tukiambiwa dalili hizo pamoja na kelele, tujue trapu haina maji ya kutosha.

Swali la kwanza: inalia saa ngapi?

Kabla ya kufungua mkoba, muulize mwenye nyumba sinki linalia wakati gani. Jibu lake huokoa saa nzima ya kazi.

Likilia mara moja tu, mwishoni, maji ya sinki lenyewe yanapomalizika, huenda hapana ugonjwa. Maji ya mwisho huzunguka kwenye tundu na kuvuta hewa kutoka juu. Mimina kikombe cha maji polepole, kisha sikiliza na unuse. Kama hakuna harufu na trapu imebaki na maji, mwambie mteja ukweli huo na usimtoze kazi ambayo haipo.

Likikoroma muda wote maji yanaposhuka, na yakashuka taratibu, njia imebanwa mbele. Hapo springi ina kazi yake. Jiko la pwani linajulikana kwa mizigo yake: chicha za nazi, ukoko wa ugali, mafuta ya kukaangia samaki yanayoganda usiku, na mchanga au majivu ya kusugulia masufuria. Mchanga ni adui mkubwa kuliko mafuta, kwa sababu hutua kwenye sehemu tambarare ya bomba na kukaa hapo miaka. Lakini usiishie kuzibua. Uchafu hukusanyika mahali penye sababu: mteremko umelala, kona ya nyuzi 90 imetumika palipotakiwa mbili za nyuzi 45, au gundi ilizidi na kuacha ukingo ndani ya kiungo.

Likilia wakati halitumiki, kisa choo cha jirani kimevutwa maji au mashine ya kufulia inatapika maji yake, hapo kostiki soda haina la kufanya hata ukimwaga ndoo. Maji mengi yamepita kwenye bomba la pamoja, yamevuta hewa, na bomba la hewa halipo au limeziba. Hili ndilo tatizo ninalolikuta zaidi kwenye nyumba zetu, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Fundi wa kwanza aliona bomba la hewa ni gharama ya bure akaliacha. Au aliliweka lakini likaishia ndani ya dari badala ya kutokeza juu ya bati. Au mwenye nyumba alichukia harufu uani akalifunika kwa kopo au mfuko wa plastiki. Ndege nao hujenga viota humo.

Kama masinki na trapu za sakafu za chini zinalia pamoja, na mapovu yanapanda, angalia chemba kabla ya kugusa sinki lolote. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Zinategemea shimo au septiki tanki. Masika maji ya ardhini hupanda, na kwenye maeneo ya mabondeni shimo hujaa hata kama gari la kunyonya lilipita juzi. Bomba la kuingilia likizama, hewa ya mbele haina pa kwenda, inarudi ndani ya nyumba. Kuna nyumba pia ambazo maji ya bati yameelekezwa kwenye chemba ya choo ili kuokoa bomba, na hizo hulia kila mvua inaponyesha. Maji ya mvua yatenganishwe.

Kwenye majengo ya ghorofa, sinki la chini linaweza kusukumiwa mapovu hata kama kila kitu ni kisafi. Maji yanayoanguka kutoka juu yanapofika kwenye kona ya chini ya bomba la wima hupunguza mwendo, na hewa iliyo mbele yake hubanwa. Dawa yake ni kulipeleka sinki la chini kwenye chemba kwa bomba lake lenyewe, lisiunganishwe karibu na kona hiyo.

Ziko sauti mbili za kutenga. Kishindo kimoja cha nguvu unapofunga koki ghafla ni cha bomba la kuleta maji, na si mada ya leo. Na mlio wa ko-ko-ko unaokuja baada ya kumwaga maji ya moto ni wa plastiki inayorefuka. Bomba la PVC la mita 3 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka kwa milimita 7 hivi au zaidi kidogo. Likibanwa na saruji ukutani, litalia kila linapojivuta. Liachie nafasi kidogo linapopita ukutani na utumie vibanio visivyolikaba.

Kuthibitisha kabla ya kuvunja

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila mwanafunzi wa ufundi akijue. Weka ndoo chini ya sinki, legeza kidogo nati iliyo upande wa kutokea wa trapu ili hewa ipate upenyo, kisha mwambie mtu avute maji ya choo. Kama kelele zimekoma, umethibitisha kwamba bomba lina njaa ya hewa. Kama zinaendelea, au maji yanavuja kwa kurudi nyuma, kizuizi kiko mbele. Kaza nati mara moja, maana upenyo huo unapitisha gesi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinamwonyesha mteja kwa macho yake kwa nini unamwambia apande juu ya paa badala ya kuvunja vigae.

Tiba

Anza chini ya sinki. Ukikuta mpira wa mikunjo umechomekwa moja kwa moja kwenye tundu la ukutani bila trapu, au umefungwa kwa mfuko wa plastiki kuzuia harufu, uondoe. Ukikuta trapu ya umbo la S inayoshuka wima sakafuni, badilisha uweke ya umbo la P inayotoka kwa ulalo ukutani, kwa sababu mguu wa S ukijaa huyanyonya maji yake wenyewe. Mkunjo wa Cumming uliokoa nyumba nyingi, lakini kwa sinki la jikoni tumeshapata ulio bora zaidi.

Kisha mteremko. Sentimita 2 kwa kila mita zinatosha. Pungufu ya hapo mchanga unatua; ukizidisha sana kwenye bomba jembamba, maji hukimbia yakijaza bomba na kunyonya trapu. Tumia pimamaji na kipande cha ubao, usikisie kwa jicho. Urefu nao una kikomo: kanuni za ujenzi za Uingereza huruhusu bomba la sinki la milimita 40, ambalo sisi tunaliita la inchi moja na nusu, lifike mita 3 tu kama halina bomba la hewa. Ukiona sinki liko mita 6 kutoka kwenye chemba kwa bomba hilo, usishangae likikoroma. Pandisha hadi inchi mbili na uliwekee bomba la hewa karibu na trapu.

Bomba la hewa lipande bila kulala, lipite paa, liishie juu ya madirisha yaliyo karibu, na lifungwe wavu wa mbu. Pasipowezekana kulipandisha, ipo vali ya hewa, kifaa kidogo kinachofunguka hewa inapovutwa na kujifunga yenyewe baada ya hapo. Ifungwe wima, juu ya bomba linalolala, mahali panapofikika kwa mkono, kwa kuwa mpira wake huchakaa. Lakini vali hiyo inaingiza hewa tu, haitoi. Haiponyi mapovu yanayosukumwa kutoka chini, na nyumba bado inahitaji walau bomba moja lililo wazi juu ya paa. Anayeiuza kama dawa ya kila kelele anamdanganya mteja.

Hatari ambazo hatuzisemi vya kutosha

Kostiki soda ikikutana na maji huchemka na kuruka. Tone moja jichoni linaweza kupofusha. Ikikutana na mafuta hutengeneza sabuni, na sabuni hiyo huweza kuganda mbele zaidi ambako springi haifiki. Pia huua vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya septiki. Wanaotumia tindikali ya betri wanajiweka pabaya zaidi, hasa ikimwagwa juu ya kostiki iliyotangulia au juu ya dawa ya klorini, maana tindikali na klorini hutoa gesi ya sumu hapo hapo jikoni. Muulize mteja ameshamwaga nini kabla hujafungua trapu. Na maji yanayochemka yasimwagwe kwenye PVC, yanalegeza bomba.

Kwenye chemba usiwashe kiberiti wala sigara. Gesi yake hulipuka. Na septiki haiingiwi. Gesi iliyomo huua pua kwanza, kiasi kwamba mtu huacha kusikia harufu akadhani pamekuwa salama, kisha humwangusha. Anayeingia kumwokoa huanguka juu yake. Fundi akiambiwa na bosi wake ashuke, akatae, na sisi wakubwa wa kazi tumlinde anapokataa.

Ombi

Karibu kila sinki linalokoroma lilianza kukoroma siku sakafu ilipomwagwa, kabla ya mtu kuhamia. Naomba tukubaliane hapa juu ya jambo moja. Kabla ya zege kufunika bomba lolote, fundi ajaze sinki, avute kizibo, amwage ndoo ya maji chooni kwa wakati huo huo, asikilize, kisha amwite mwenye nyumba asikilize naye. Bomba likilia, lirekebishwe likiwa bado wazi. Na wasimamizi wa majengo mlioko hapa, msisaini malipo ya kazi ya bomba mpaka jaribio hilo lifanyike mbele yenu.